Kona Isiyofyekwa: Somo Nililolipata Nyuma ya Kikanisa cha Seminari

Kijana mwenzangu, leo nakuletea somo ambalo sikulipata darasani. Nina shahada ya falsafa, na metafizikia nilifaulu. Lakini somo hili nililifeli kwanza, tena nikalifeli huku napigiwa makofi. Ndiyo maana naona nikuandikie wewe uliye sekondari, chuo cha ualimu, chuo kikuu au nyumba ya malezi kama mimi, ili usije ukafeli mahali palepale.

Somo lenyewe linahusu viwanja vyetu: bustani, uzio, miti ya nyuma ya bweni, kile kichaka ambacho kila Jumamosi mtu anasema "hiki tukitoe". Je, hayo yana uhusiano gani na imani? Twende taratibu.

1. Jumamosi ya mafyekeo

Nilikuwa mwaka wa pili wa falsafa, na ndugu zangu walinichagua kuwa kiongozi wa mazingira. Kwa wasiojua maisha ya seminari, kila frateri ana kazi zake za mikono. Wengine wako kwenye mifugo, wengine sakristia, wengine bustani ya mboga. Mimi nilipewa viwanja. Tulikuwa tunajiandaa kwa sherehe, mgeni mkubwa anakuja, na agizo lilikuwa moja tu: mazingira yawe safi.

Nyuma ya kikanisa kulikuwa na kichaka. Si kikubwa, ungehesabu hatua ishirini kwa kumi na tano. Ndani yake kulikuwa na msesewe mzee, mringaringa mmoja, nyasi za kufika kiunoni na mimea ya kutambaa ambayo hata majina yake sikuyajua. Mimi nilikiona kama aibu. Mgeni atapita pale, atasemaje?

Tuliingia saa tatu asubuhi na mafyekeo na mapanga. Kufikia saa saba tulikuwa tumefyeka kila kitu isipokuwa ile miti miwili, ambayo tuliipunguza matawi mpaka ikabaki kama nguzo. Tukafagia hadi udongo mwekundu ukaonekana. Tukarundika, tukawasha moto.

Rundo lilipoanza kushika, frateri mmoja akainua kiota. Ndani kulikuwa na makinda matatu, hayajafungua hata macho. Akaniuliza, "Kiongozi, na hivi tunavifanyaje? Viko vingi." Nilikuwa naangalia saa. Nikamjibu, "Tumalize kwanza."

Tukamaliza.

Pembeni alikuwa amesimama mzee wa bustani, ambaye sote tunamwita Babu. Amefanya kazi pale tangu kabla sijazaliwa. Alivua kofia yake, akaishika mkononi, akaangalia moto. Hakusema kitu.

Kesho yake, Jumapili, tuliingia Masifu ya Asubuhi kama kawaida. Tulipofika kwenye ule wimbo wa vijana watatu kutoka kitabu cha Danieli, unaoviita viumbe vyote kumhimidi Bwana mmoja baada ya mwingine, tukafika zamu ya ndege wa angani. Kwa kawaida, saa kumi na mbili hizo, ndege wa nyuma ya kikanisa walikuwa wanatuzidi sauti. Padre mmoja alikuwa na utani kwamba wao ndio kwaya na sisi ni waitikiaji. Siku hiyo tuliwaalika, na nje kukawa kimya. Kimya kabisa. Nilishindwa kuimba shairi lililofuata.

Mchana, kwenye refektori, nilisimamishwa mbele ya watu. "Huyu ndiye aliyetupa seminari safi." Wakanipigia makofi. Nikatabasamu.

2. Babu na sale

Niliishi na jambo hilo wiki kadhaa. Ukilisema kwa sauti linaonekana dogo, kwamba ni ndege tu. Hatimaye nikamweleza mlezi wangu wa kiroho. Sikutegemea alichoniuliza: "Umeshamwambia Babu?"

Huku kwetu kaskazini, kwa Wachaga, sale ni jani la kuombea msamaha. Ukimpelekea mtu sale, umekubali kwamba umekosa. Basi nikachuma jani moja, nikamfuata bustanini.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, frateri." Akaliangalia lile jani. "Sasa hilo la nini?"

Nikamweleza. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mimi hukunikosea kitu. Lakini kwa kuwa umeleta, tutalipanda. Ila kesho uje na lenye shina. Jani tupu halioti."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu toba, lakini kauli ya "jani tupu halioti" bado inanifuata. Kuomba msamaha ni jani. Kinachoota ni kile unachofanya baada ya hapo.

3. Maandiko yanasemaje?

Nilirudi kwenye Biblia nikiwa na swali moja: je, nimefanya dhambi, au nimeguswa tu na huruma ya kawaida? Nikakuta mambo matatu ambayo nilikuwa nimeyapita mara nyingi bila kuyaona.

*Jambo la kwanza.* Fungua Mwanzo 1:22. Baraka ya kwanza kabisa katika Biblia hawapewi wanadamu. Wanapewa samaki na ndege, siku ya tano: waongezeke, wajae. Sisi tunabarikiwa baadaye, katika aya ya 28. Kwa hiyo ndege anapotaga juu ya mti wa seminari hajavamia eneo letu. Anaishi baraka aliyoipata kabla yetu.

*Jambo la pili.* Soma Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Ipo sheria kuhusu kiota! Ukikuta ndege amelalia mayai au makinda njiani, huruhusiwi kumchukua mama pamoja na wanawe, sharti umwachie mama aende zake. Katikati ya sheria za nyumba, mashamba na ndoa, Mungu anasimama kwenye kiota. Mimi nilisema "tumalize kwanza".

*Jambo la tatu,* na hili ndilo lililonishika zaidi. Kutoka 23:10-11 inaagiza kwamba mwaka wa saba shamba liachwe lipumzike, ili maskini wa watu wale, na watakachosaza wale wanyama wa porini. Yaani wanyama wa porini wana fungu lao ndani ya shamba la mwanadamu, na fungu hilo limeandikwa katika Sheria. Kumbe kuacha sehemu bila kuigusa si uzembe. Inaweza kuwa utii.

Ukiweka hayo pamoja na Mwanzo 2:15, ambapo mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, unaona picha kamili. Kulima tunakujua sana. Kutunza ndiko kulikonishinda.

4. Mtakatifu Fransisko na kona yake

Wengi tunamjua Mtakatifu Fransisko wa Asizi kwa picha zile za ndege mabegani. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa msimamizi wa wanaoshughulikia ikolojia. Lakini kuna habari moja ndogo ambayo ni ya vitendo sana, na Papa Fransisko aliikumbusha katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 12. Mtakatifu Fransisko aliagiza kwamba katika bustani ya watawa sehemu moja iachwe bila kuguswa, ili maua na majani ya porini yaote humo, na wanaoyaona wainue mioyo kwa Mungu aliyeumba uzuri huo.

Angalia vizuri. Ndugu wale walikuwa maskini, wanategemea mboga zao. Hakuwaambia waache kulima. Aliwaambia wasilime *yote*. Hiyo ndiyo kona isiyofyekwa, na ina umri wa miaka mia nane.

Sasa niingize falsafa kidogo, msikimbie. Mtakatifu Thoma wa Akwino anauliza katika Summa (sehemu ya kwanza, swali la 47): kwa nini Mungu ameumba vitu vingi na vya aina nyingi? Jibu lake ni kwamba wema wa Mungu hauwezi kuoneshwa vya kutosha na kiumbe kimoja. Kinachopungua kwa huyu katika kuuonesha wema huo kinajazwa na yule. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayefyonza maua, anasema kitu kuhusu Mungu ambacho mimi na shahada yangu hatuwezi kukisema. Kinyonga anasema kingine. Ukiondoa aina moja mahali fulani, umefuta neno katika sentensi ambayo hukuiandika wewe. Laudato Si' namba 33 inasema jambo zito: kwa sababu yetu, maelfu ya aina za viumbe hawatamtukuza tena Mungu kwa kuwepo kwao.

Kuhusu Aristotle, tulimsoma miaka mitatu, lakini nani aliniambia kwamba alitumia muda mwingi kuchunguza samaki na wadudu? Katika kitabu chake cha viungo vya wanyama anatuonya tusidharau viumbe duni, kwa sababu kila kitu cha asili kina cha kustaajabisha. Nilikuwa na mtihani wa Aristotle wiki ileile niliyochoma kichaka. Nilipata alama nzuri.

5. Maswali matatu ya Gombera

Nikaandika barua kwa Gombera kuomba ile sehemu nyuma ya kikanisa isifyekwe tena. Aliniita ofisini, akaniuliza maswali matatu. Nayaweka hapa kwa sababu na wewe utaulizwa hayohayo na mkuu wako wa shule au msimamizi wa bweni, na ni maswali ya haki.

*"Na nyoka?"* Nikamjibu kwamba tutaacha ukanda wa majani mafupi kati ya majengo na kona, upana wa hatua tano au zaidi, na njia ya kupita itabaki wazi. Anayeingia kufanya kazi atavaa buti, na hatatia mkono chini ya gogo au jiwe. Pia nikamweleza kwamba kinachowaleta nyoka karibu na mabweni mara nyingi ni panya, na kinachowaleta panya ni mabaki ya chakula tunayotupa nyuma ya jiko. Tukianza na usafi, tuanzie jikoni.

*"Na mbu?"* Mbu hutaga kwenye maji yaliyotuama, na yaliyo mengi kwetu yapo kwenye ndoo mbovu, matairi na mifereji iliyoziba. Kikombe cha maji ya ndege kitamwagwa na kujazwa upya kila baada ya siku mbili.

*"Na uvivu? Isije ikawa ninyi hamtaki kushika fyekeo."* Hapo nilicheka, lakini yeye hakucheka. Nikamwahidi kwamba kona itakuwa na kazi zake: kung'oa lantana, ule mmea wenye vimaua vya rangirangi uliotoka Amerika na kuvamia mapori yetu; kuweka majani makavu kwenye shimo la mboji badala ya kuyachoma; na kuandika daftari la tunachokiona.

Akasema, "Mwaka mmoja. Baada ya hapo nitaangalia." Babu na mimi tukapanda masale kuzunguka kona nzima. Ya shina. Kwa Wachaga sale pia ni alama ya mpaka, kwa hiyo kila anayepita anajua: hapa mwisho wa fyekeo.

6. Waliorudi, na wasiorudi

Sitakudanganya kwamba kesho yake ndege walirudi wakiimba. Miezi ya kwanza ilikuwa majani tu, na ndugu zangu wakaibatiza "Pori la Frateri". Wengine walitupa maganda ya ndizi humo makusudi.

Mvua za masika zilipokuja, ile miti miwili ikachipua. Mringaringa ulipotoa maua yake meupe, nyuki walikuja tangu asubuhi. Kwenye mlimao wa pembeni tukaona viwavi vinavyofanana na kinyesi cha ndege. Frateri mmoja akaenda kutafuta dawa ya kupulizia, nikamwomba asubiri. Wiki chache baadaye wakatoka vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya njano, na yule aliyetaka kupulizia ndiye aliyetuita wote tuje kuona. Machozi walikuja. Kereng'ende walikuja. Kufikia mwisho wa mwaka daftari letu lilikuwa na aina kumi na nne za ndege, saba kati yao tukizijua kwa maumbo tu.

Kisha akaja bundi, akakaa kwenye mnara wa kengele. Hapo pakawa na kesi kweli. Wapishi walisema ni mkosi, na mmoja alikuwa tayari na mawe. Ndugu msomaji, hebu tuseme wazi: Mkristo aliyebatizwa haogopi bundi. Bundi si mjumbe wa mchawi. Ni ndege anayekula panya, na anafanya usiku kazi ambayo sumu ya panya inaifanya vibaya, maana sumu hiyo humuua hata bundi mwenyewe akimla panya aliyekula sumu. Yule bundi bado yupo, na stoo ya mahindi inamshukuru.

Ila wale ndege wafuma viota waliokuwa wengi kwenye msesewe, mpaka naondoka pale, hawakurudi. Kila Jumapili tulipofika kwenye ule wimbo wa Danieli, nilisikiliza. Sauti zilikuwepo, lakini zao hazikuwemo. Kutubu hakufuti kila kitu. Kunakurudisha kazini.

Nilipokuwa natafuta mifano ya vyuo vingine nilikutana na Chuo cha King's huko Cambridge, Uingereza. Kilianzishwa mwaka 1441 na jina lake kamili kinamtaja Bikira Maria na Mtakatifu Nikolaus. Nyuma ya kikanisa chake maarufu kuna uwanja wa majani uliotunzwa mfupi na laini tangu mwaka 1772. Mwaka 2019 walikubali kuacha sehemu yake iwe nyasi na maua ya porini. Utafiti uliochapishwa 2023 ulionesha kwamba sehemu hiyo ina aina za mimea, buibui na wadudu zaidi ya mara tatu ya zile za kwenye majani yaliyokatwa. Popo nao walionekana mara nyingi zaidi juu yake. Kama wao waliweza kugusa uwanja wa karne mbili na nusu, wewe unaogopa nini na kona nyuma ya choo cha zamani?

7. Ufanye nini chuoni kwako?

Haya ni mambo ambayo kikundi cha TYCS au TMCS kinaweza kuanza nayo muhula huu, karibu bila hela:

- *Omba kona moja.* Ndogo, yenye mipaka inayoonekana, na kwa ruhusa ya maandishi. Usianze kwa ukaidi.
- *Kagua kabla ya kufyeka.* Tembea, tazama viota. Ukikuta makinda, ahirisha sehemu hiyo wiki chache. Hakuna mgeni anayezidi Kumb 22:6.
- *Acheni kuchoma majani.* Chimbeni shimo la mboji. Bustani ya mboga itawalipa.
- *Pandeni miti ya asili ya eneo lenu.* Mikaratusi na migrevilea ilitoka Australia, jakaranda Amerika ya Kusini, mkrismasi Madagaska. Siyo dhambi kuwa nayo, inatupa kivuli na mbao. Lakini wadudu na ndege wa kwetu wamezoeana zaidi na miti ya kwetu: mringaringa, msesewe, mkuyu. Ndiyo, mkuyu, mti ule ambao Zakayo anaupanda katika Biblia zetu za Kiswahili (Lk 19:4). Ulizeni wazee, wanajua ni ipi ya kwenu.
- *Wekeni maji,* na myabadilishe kila baada ya siku mbili.
- *Muwe na daftari.* Tarehe, mmeona nini, wapi. Anayeandika anajifunza kutazama, na anayetazama anajifunza kusali.

Muda mzuri wa kuanza ni Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, kuanzia 1 Septemba hadi 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko.

Maswali ya tafakari

1. Je, ni mahali gani chuoni kwangu ninapopaita "pachafu" kwa sababu tu pana uhai nisioudhibiti?
2. Je, nimewahi kusema "tumalize kwanza" nilipopaswa kusimama?
3. Nani ni "Babu" wa mahali petu, anayejua miti na ndege, na ambaye sijawahi kumuuliza?

Sasa niko mwaka wa kichungaji, nafundisha sekondari. Jumamosi iliyopita wanafunzi walisimama mbele yangu na mafyekeo, wakauliza, "Frateri, tuanzie wapi?" Nikawaambia waweke chini kwanza. Tukazunguka uwanja mzima tukitazama juu ya miti na ndani ya majani. Tulichelewa kumaliza, na mwalimu wa zamu hakufurahi. Lakini kwenye uzio wa michongoma tulikuta viota viwili, na tukaviacha.

Yesu alisema hata shomoro mmoja hasahauliki mbele za Mungu (Lk 12:6). Tumwombe atupe kumbukumbu kama yake.

Tuombeane. Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu yenu, Frateri.